Shingo ya Mviringo Isiyokaa Sawa: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Shingo ya mviringo huhesabiwa kuwa shingo nyepesi kuliko zote, ya kumfundishia mwanafunzi wa cherehani katika wiki zake za mwanzo. Kwa maoni yangu sifa hiyo imeidhuru. Shingo hii haina kola ya kufunika makosa wala safu ya vifungo ya kuvuta macho pembeni, na mstari wake mmoja unapita mahali ambapo mwili wenyewe haujanyooka: juu ya mitulinga, ubavuni mwa shingo, kisha chini ya pingili inayotokeza kwenye ukosi. Kasoro ya nusu sentimita, ambayo kwenye pindo la chini isingetambuliwa na mtu, hapa inaonekana tangu mlangoni.

Ugumu wa kuitengeneza unatokana na jambo moja, nalo ni kwamba kasoro huonekana mahali pamoja lakini huwa imezaliwa mahali pengine. Shingo inayopwaya kifuani inaweza kuwa imeharibikia kwenye patani, yaani mchoro wa karatasi unaofuatwa wakati wa kukata, au mezani wakati kitambaa kilipokuwa kikishikwashikwa kabla ya mshono wa kwanza, au mwishoni kabisa wakati ukingo ulipomaliziwa kwa njia ambayo patani haikuandaliwa kwayo. Fundi anayeanza kufumua kabla ya kujua ni kipi kati ya vyanzo hivyo anachohangaika nacho huishia kuongeza kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa sababu kila kufumua kunaivuta zaidi ile kingo iliyokwisha kuvutika.

Kipimo cha kwanza

Ilaze nguo juu ya meza bila kuinyoosha, kisha pima mzingo wa shingo kwenye mstari wa mshono ukitumia tepu iliyosimamishwa kwa ubavu wake, kwa maana tepu iliyolazwa haifuati mviringo vizuri. Pima pia mstari huohuo kwenye patani, mbele na nyuma, ukiacha nje nafasi ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kilicho kati ya mshono na ukingo. Ikiwa shingo iliyoshonwa imeizidi patani kwa zaidi ya sentimita 1, kitambaa kimetanuka mikononi na patani haina hatia. Ikiwa vipimo vinalingana na bado nguo haikai, tatizo ni la mchoro au la mwili wa mvaaji, na hakuna pasi itakayoliondoa. Baada ya hapo kunja nguo katikati, bega juu ya bega, uone kama upande wa kulia na wa kushoto vinafuatana.

Kutanuka huko kuna sababu inayoeleweka. Katika kitambaa kisicho cha fulana, nyuzi za mtande, zinazokwenda urefuni, na za mshindio, zinazokwenda upanani, zinakataa kuvutwa kwa urefu wake, lakini mahali ambapo mkato unapita hanamu, yaani kimshazari kati ya nyuzi hizo mbili, kitambaa kinalegea kama kwamba hakina mwenyewe. Mviringo wa shingo ya mbele lazima upite hanamu mara mbili, upande wa kulia na wa kushoto, takribani nusu ya njia kutoka bega hadi katikati ya kifua. Hapo ndipo panapotanuka, hata kwa kuitundika nguo usiku mmoja kwenye hanga. Kinga yake ni mstari mmoja wa mshono unaopigwa mara tu baada ya kukata, ndani ya nafasi ya mshono, kwa mishono mifupi ya milimita 2 hivi, ukianzia begani kuelekea katikati kwa kila upande badala ya kuzunguka shingo nzima kwa mkupuo mmoja. Mstari huo hauonekani tena baadaye, na wengi huuruka kwa sababu hiyo.

Shingo inapwaya mbele

Hii ndiyo dalili yenye vyanzo vingi zaidi. Mvaaji akisimama wima ukingo unasimama mbali na kifua, na akiinama kidogo anayeketi mbele yake anaona hadi ndani.

Kama kipimo cha kwanza kimeonyesha kwamba kitambaa kimetanuka, fumua umaliziaji wote wa shingo na uirudishe kwenye urefu wake kabla ya kushona tena. Piga mstari wa mishono mirefu karibu na ukingo, uvute uzi wake taratibu hadi mzingo urejee kwenye kipimo cha patani, kisha uweke pasi ya mvuke juu yake bila kuisukuma, ukiinua na kushusha. Pamba na kitenge hukubali kunywea kiasi hicho, lakini poliesta hukataa, na kwayo ni afadhali kuhamia kwenye marekebisho ya begani. Shingo ikisharudi, ishikilie kwa utepe mwembamba usiovutika, au kwa ukingo wa kiwandani, ule wa pembeni usiochanuka, uliokatwa kutoka kwenye kitambaa chepesi, ambao urefu wake umepimwa kwenye patani na si kwenye nguo.

Kama vipimo vinalingana na patani, angalia upana wa shingo. Patani ya msingi huchorwa kwa shingo iliyokaribia shina la shingo ya mtu, ambapo nusu ya upana kwa mtu mzima ni sentimita 7 hivi, kina cha nyuma ni sentimita 2 hadi 2.5, na kina cha mbele ni sentimita 7 hadi 8. Mteja anapotaka shingo pana, fundi hupanua mchoro huo kuelekea begani na chini, na ukingo mpya unaangukia kwenye bonde lililo kati ya mtulinga na titi. Patani ya msingi haikubana hapo, kwa sababu haikuhitaji. Kadiri shingo inavyopanuliwa, ndivyo ukingo wa mbele unavyozidi kuwa mrefu kuliko mwili unaoufunika.

Dawa ya kweli iko kwenye karatasi: bana patani ya mbele kwenye ukingo wa shingo kwa nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu, kwa mkunjo unaokufa kwenye ncha ya titi, na uache ziada hiyo ifunguke kwenye dati, yaani mkunjo ulioshonwa kuipa nguo umbo la mwili, ya ubavuni au ya kiunoni. Kwa gauni lisilo na dati ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kuifanya shingo ya mbele iwe nyembamba kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 5 kila upande, huku urefu wa mshono wa bega ukibaki sawa. Yanapounganishwa, mabega ya nyuma huivuta shingo ya mbele pembeni na ukingo unakaza.

Nguo ikiwa tayari imeshonwa, fumua mshono wa bega pekee, kuanzia shingoni hadi karibu na mkono, na ubane upande wa shingoni kwa nusu sentimita huku ukimalizia na sifuri kwenye ncha ya bega. Kipande cha ndani cha shingo, yaani kitambaa kinachoshonwa ukingoni na kugeuzwa ndani, nacho kibanwe vilevile mahali palepale, la sivyo kitabaki kirefu na kuzalisha tatizo jingine litakaloelezwa hapa chini.

Nguo inarudi nyuma na shingo inakaba koo

Mvaaji anaivuta nguo mbele kila baada ya dakika chache. Wengi huchukua mkasi na kuteremsha shingo ya mbele, na mara nyingi hilo huondoa kukabwa bila kuondoa kurudi nyuma. Mtazame kwanza mvaaji ubavuni. Ikiwa mshono wa bega umelala nyuma ya kilele cha bega, shingo ya nyuma imekatwa kina kupita kiasi, au kitambaa cha mgongoni ni kifupi kuliko mgongo wenyewe.

Chanzo kinachojulikana sana mtaani ni kukunja kitambaa mara nne na kukata shingo ya mbele na ya nyuma kwa mkasi mmoja, kisha kuongeza kina cha mbele kwa makadirio. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa dera pana la kushinda nalo nyumbani haileti madhara makubwa, lakini inaiachia nyuma kina cha sentimita 4 au 5 ambacho shingo ya binadamu haina matumizi nacho. Nguo inatafuta mahali pa kuegemea, haipati kwenye ukosi, na inateleza hadi koo liizuie. Kuteremsha mbele zaidi kunaipa tu nafasi ya kuteleza zaidi. Kinachohitajika ni kurudisha kitambaa nyuma: kiraka chenye umbo la mwezi mwandamo kilichoungwa ndani ya mviringo wa nyuma, au kipande kizima cha kuunga juu ya mabega na mgongo ikiwa mteja anakubali mshono uonekane. Kwa mvaaji aliyeinama kidogo mabegani, ambaye mgongo wake ni mrefu na kifua chake ni kifupi, ongeza urefu wa mgongo kwenye patani kwa sentimita 1 au 1.5 juu ya mstari wa kwapa, bila kuugusa mviringo.

Ikiwa mshono wa bega umekaa mahali pake na koo bado linabanwa, hapo ndipo mbele iteremshwe, nayo iteremshwe kwa milimita 3 kwa wakati mmoja. Kila sentimita 1 inayoondolewa kuzunguka shingo nzima huongeza mzingo kwa takribani sentimita 6. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini shingo iliyochorwa vizuri hutoka kubwa au ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Umaliziaji wa kipande cha ndani hula nafasi ya mshono, na kwa hiyo tundu la shingo linakua baada ya kushonwa, ilhali utepe wa hanamu unaoukumbatia ukingo hauli kitu. Anayechukua patani iliyoandaliwa kwa kipande cha ndani na kuimalizia kwa utepe bila kukata ile nafasi ya sentimita 1 ameifanya shingo kuwa ndogo kwa sentimita 6, na anayefanya kinyume chake ameipanua kwa kiasi hichohicho.

Kichwa hakipiti

Kichwa cha mtu mzima hupimwa juu ya nyusi na kuzunguka sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi, na kwa kawaida huwa kati ya sentimita 54 na 60. Shingo iliyokaa kwenye shina la shingo ina mzingo wa sentimita 36 hadi 40 tu. Kwa kitambaa kisichovutika hakuna ujanja: lazima shingo ipanuliwe hadi ipite kichwa, au iwekewe mpasuo. Mpasuo wa sentimita 10 huongeza njia kwa sentimita 20, kwa sababu una kingo mbili, na kwa hiyo shingo ya sentimita 40 inakuwa na nafasi ya 60. Kanzu za pwani zimelitatua jambo hili zamani kwa mpasuo mfupi wa mbele, na darizi inayozunguka shingo na kushuka kwenye mpasuo huo ni pambo na wakati uleule huimarisha sehemu inayovutwa kila nguo inapovaliwa. Darizi ya mashine ipigwe kabla tundu la shingo halijakatwa, huku kitambaa kikiwa kizima na kimewekewa karatasi kwa chini, kwa kuwa nyuzi nyingi zikikaa kwenye ukingo uliokwisha kukatwa huukunja.

Watoto wadogo wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzingo wa sentimita 45 au 46 ilhali shingo yake ni nyembamba sana. Kuipunguza patani ya mtu mzima kwa uwiano sawa hakufai. Weka vifungo viwili begani.

Shingo inalala upande mmoja

Dalili hii hugunduliwa mara nyingi kutokana na maua ya kitambaa. Chukua gauni la kitenge lenye miduara mikubwa, ambalo fundi alikusudia duara moja likae katikati kabisa ya kifua: kwenye meza linaonekana limekaa, lakini mvaaji akilivaa duara linaegemea kushoto kwa upana wa nusu kidole, na shingo inafuata. Chanzo cha kwanza ni kitambaa kukunjwa kwa kufuata maua badala ya nyuzi, kwa kuwa chapa ya kitenge si lazima iwe imenyooka na mshindio. Chanzo cha pili ni tabaka la chini kuteleza wakati wa kukata, jambo ambalo kwenye vitambaa vya kuteleza halikwepeki isipokuwa kwa kubana kwa pini au kukata kila upande peke yake. Chanzo cha tatu ni mvaaji mwenyewe, ambaye bega lake moja liko chini. Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko inavyodhaniwa, hasa waliobeba mkoba bega moja kwa miaka. Kwa chanzo hiki cha tatu, bana mshono wa bega la chini kwenye ncha ya nje na uiache shingo kama ilivyo.

Ncha katikati

Shingo inayoonekana kama V butu mbele, au yenye kichuguu kidogo nyuma, imetokana na patani ya nusu ambayo mstari wake haukufika kwenye mkunjo wa katikati kwa pembe mraba. Hakikisha nusu sentimita ya mwisho inakwenda bapa. Fanya hivyo pia begani kwa kuziweka patani za mbele na nyuma bega kwa bega, na uone kama mviringo unapita bila kuvunjika.

Kipande cha ndani kinachungulia nje

Nguo ikiwa mpya inakaa vizuri, na baada ya kufuliwa mara mbili kitambaa cha ndani kinajitokeza shingoni kama ulimi. Mafundi wengi hukishikiza kwa mshono wa juu unaoonekana, ambao unazuia aibu lakini hauondoi chanzo, na kwenye kitambaa cha rangi moja unaonekana kama kiraka.

Mara nyingi chanzo ni nafasi ya mshono iliyoachwa nzima. Sentimita 1 ya kitambaa iliyogeuzwa ndani ya mviringo haina pa kwenda, kwa sababu ukingo wake ni mfupi kuliko mahali inapotakiwa kulala, na kwa hiyo inaisukuma shingo kujibiringisha. Punguza upande wa kipande cha ndani hadi milimita 4 na upande wa nguo hadi milimita 6, ili kingo zisilingane na kuchora mstari mgumu kwa nje. Kisha chanja nafasi hiyo kila baada ya sentimita 1 au 1.5 kwa ncha ya mkasi mdogo, ukisimama milimita 2 kabla ya uzi. Mchanjo unaoishia mbali zaidi haufanyi kazi, na unaougusa uzi utafunguka siku ya kufua.

Baada ya hapo fungua kipande cha ndani, laza nafasi yote ya mshono upande wake, na ushone milimita 2 kutoka kwenye mshono wa shingo, juu ya kipande cha ndani na nafasi ya mshono pekee, bila kuigusa nguo. Mshono huo hauonekani kwa nje na ndio unaokivuta kipande ndani kwa kudumu. Ningekuwa na ruhusa ya kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu kuhusu shingo ya mviringo, ningemfundisha hili.

Vyanzo vingine ni vidogo zaidi. Kipande cha ndani kikatwe kidogo kuliko shingo kwa milimita 2 hivi, kiwe kimefuata nyuzi zilezile za sehemu ya nguo kinayoifunika, na kishikizwe kwa mkono kwenye mishono ya mabega.

Mawimbi na vijifuko baada ya kufua

Kitenge kipya huwa kigumu kwa wanga, na wanga huo huficha tabia yake halisi. Kisipofuliwa kabla ya kukatwa, kinaweza kunywea baada ya nguo kumalizika, na ikiwa kipande cha ndani ni cha kitambaa kingine, viwili hivyo havitanywea sawa. Gamu, kitambaa cha kuimarisha kinachogandishwa kwa pasi, nayo huleta vijifuko kama malengelenge ikiwa pasi haikuwa na joto la kutosha, au ikiwa ilisukumwa badala ya kukandamizwa sekunde kadhaa mahali pamoja. Mimi si mpenzi wa gamu ngumu shingoni mwa nguo ya kila siku. Huifanya shingo isimame yenyewe huku mwili ukienda zake, na kwa kitenge gamu nyepesi yatosha.

Utepe wa hanamu unaosimama au kujisokota

Utepe unaojisokota haukukatwa kwa pembe ya digrii 45, hata kama ulikaribia. Unaosimama kama ukuta ulishonwa bila kuvutwa: mkunjo wa utepe unakaa ndani ya mviringo, ambako mzingo ni mfupi kuliko kwenye mshono, na kwa hiyo lazima utepe uvutwe kidogo unaposhonwa, zaidi mahali mviringo ulipo mkali na kidogo sana nyuma. Ukivutwa kupita kiasi, shingo hukunjamana kwa chini. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda.

Ribu ya fulana

Kwenye fulana kanuni ni ileile, ila vipimo ni vikubwa. Ribu, yaani ukanda wa kuvutika unaozunguka shingo ya fulana, hukatwa kwa urefu wa asilimia 80 hadi 85 ya mzingo wa shingo, ukiongeza nafasi ya kuungia. Shingo ya sentimita 50 inahitaji ribu ya 40 hadi 42.5 pamoja na sentimita 2 za mshono. Ikifanya mawimbi ni ndefu, na ikiikunja fulana ni fupi. Mara nyingi urefu huwa sahihi na ugawaji huwa mbaya: shingo ikigawanywa robo nne, alama za pembeni haziangukii kwenye mishono ya mabega bali mbele yake kidogo, kwa kuwa mviringo wa mbele ni mrefu kuliko wa nyuma. Anayelinganisha robo za ribu na mabega huipa nyuma ribu nyingi na mbele ribu chache.

Fulana ya mtumba ambayo ribu yake imenepa hairudi kwa pasi, kwa sababu nyuzi za kuvutika ndani yake zimekwisha. Fumua ribu nzima na uweke nyingine, ukipima shingo kwenye mshono wa zamani kabla ya kuufungua.

Shingo iliyokwisha kuwa kubwa mno

Kitambaa kilichokatwa hakirudi, lakini mzingo unaweza kurudi. Pachika ndani ya mviringo mkanda wa umbo uliokatwa kwa patani, si utepe ulionyooka, wenye upana wa sentimita 2 ukishamalizika. Kwa hesabu iliyotajwa, mkanda huo utaipunguza shingo kwa karibu sentimita 12, basi pima kichwa cha mvaaji kabla ya kuukata, na ikiwa tundu litakalobaki halifiki kipimo hicho, acha uwazi wa kifungo kimoja nyuma.